Nusu ya Chini

Elirehema, funguo ziko kwenye ndoano nyuma ya kalenda.
Kabla hujalitoa gari hapa Sakina
kaa kwenye kidaraja cha mlango unisikilize,
maana nikikuandikia utasoma mstari wa kwanza tu.

Ile iliyo chini ya boneti ni betri ya kuwashia:
hupiga kelele mara moja kama mgambo, kisha hukaa.
Hizi mbili chini ya kitanda ndizo za nyumba,
taa, pampu ya sinki, feni, friji.
Usizichanganyie kazi. Baba alichanganya,
akakwama siku tatu njia ya Natron
anakula mkate mkavu, nyama imeshanuka.

Nilizinunua Unga Limited, kwa Anaeli Nnko.
Hauzi kabla hajakuuliza unakula nini.
Friji? Ampea arobaini, kutwa kucha.
Taa? Tano. Na huyo mdogo wako ana simu ngapi?
Akajumlisha kwa chaki kwenye mlango wa stoo,
akazidisha kwa mbili.
Nikasema, mbona mara mbili?
Akasema: nusu ya juu ni yako. Nusu ya chini ni yake.

Duka la pili waliuza kwa bei ya chini,
stika mpya juu ya mwili uliokwisha kuzeeka.
Anaeli akaniambia, nyanyua zote mbili.
Ya kwao ilicheka mikononi.
Ya kwake ilinifanya nimwite Bwana.
(Za lithiamu zipo, nyepesi kwa haki,
ila ningeuza ng'ombe wote wawili wa mama,
na mama alishaninyooshea kidole.)

Sasa maji.
Kila mwezi fungua vizibo, chungulia.
Yafunike mabamba, yasifike shingoni.
Ujaze baada ya kuchaji; zikishiba huumuka.
Maji ya betri, ya chupa, siyo ya bomba.
Cheka mbele ya kioo uone:
maji ya Arusha yametuandika kahawia kwenye meno
tangu darasa la kwanza.
Unataka yaandike na humo ndani?

Vichwa vikiota unga wa kijani
vunja kipande cha magadi, haya haya ya makande,
koroga, sugua kwa mswaki wangu wa zamani,
suuza, kausha, paka grisi.
Pete uvue kwanza. Nilipaswa kuanza na hilo.

Mita iko kwenye droo ya vijiko.
Pima alfajiri, kabla jua halijagusa paneli.
Kumi na mbili nukta sita, imba.
Nukta mbili, zima friji, kula nyama yote leo.
Usiniambie "bado inawaka."
Kila betri iliyokufa katika ukoo huu
iliuawa na mtu aliyesema bado inawaka.

Mama naye alisema bado naweza.
Zamu za usiku hotelini, migomba asubuhi,
ada yako, ada yangu, bado naweza.
Hatukuwa na mita ya kumpimia.
Tulijua siku ile alipoketi ngazini na ndoo tupu
akaitazama bomba, hatua nne tu,
asiinuke.
Sasa anapumzika, unamwona,
analala mchana, anakunywa uji wake.
Lakini hajai tena hadi juu.

Masika yakija na wageni wakiisha
usiliache gari limelala na njaa.
Washa, zunguka, hata kama huna safari.
Injini ikienda, nazo zinakula.

Basi. Funguo nyuma ya kalenda.
Anza na Ngaramtoni, polepole, uende na kurudi.
Mchukue mama. Akae mbele,
upande wa jua.