Tundu la Tatu

Kaka yangu Singano analisha mashine ya korona
huko Ngomeni, mwaka wa kumi na mbili huu.
Mkonge unaingia jani bichi, unatoka nyuzi,
mlio hautoki. Anarudi nao Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Nne, anakaa nao mkekani.
Nikisema "chumvi,"
ananipa kikombe.

Kampuni iliwagawia vikinga masikio, vya manjano, vipya.
Siku niliyopeleka viti vya ofisi
nilivikuta vimewaning'inia shingoni, wote.
Nikauliza. Shekalaghe akasema: Vinabana, dada,
nusu saa tu kichwa ni nazi juu ya mbuzi.
Namkunda akasema: Mimi na ushungi wangu vinateleza,
naviokota kwenye makapi.
Singano hakusema kitu. Hakusikia swali.

Mimi ni fundi makochi. Riziki yangu ni makalio ya watu,
na makalio hayana adabu ya uongo:
kiti kikiuma, mgeni ataaga mapema.
Kinachouma huvuliwa.
Kilichovuliwa hakikingi.

Nikarudi na futi kamba, nikapima vichwa
mlangoni pa kantini, watu wana sahani mkononi.
Sikio halipiti kichwa, ndivyo tulivyofunzwa,
lakini kichwa cha nani?
Kuna kipana kama sinia, kuna cha kisogo kirefu,
kuna chenye mabutu matatu chini ya kitambaa,
na masikio mengine yamelala, mengine yamesimama kama ya sungura.
Yule wa kiwandani aliyechora kile cha manjano
alimjua mtu mmoja tu.

Cha kwanza: vifuu viwili, spoku nne za baiskeli nimezisokota,
ndani sufi. Spoku zikalegea.
Sufi ikanywa jasho, ikawa donge la ugali.
Cha pili kilibana kama deni.
Cha tatu sikisemi.

Kisha nikauona ukanda wa chuma
ule unaofunga marobota ya mkonge, umetupwa uani, umejikunja.
Ukiukunjua, unarudi. Ukiulazimisha, unakukata.
Nikaukunja mara mbili, nikauvika ngozi ya kochi la marehemu bibi arusi
(alikaliwa na wajukuu, ngozi ikawa laini kama shavu).
Sponji nene nje, laini kwa ndani, kitambaa cha pamba cha kufua.
Na pande zote mbili matundu, matano matano, na kifungo,
maana mkanda wa suruali uliyajua haya zamani.
Kimya cha kaburi sikukitaka:
mtu akipiga kelele "Mkono!"
neno hilo lipite.

Nikamvika Singano.
Tundu la kwanza, macho yakamtoka.
La pili, akakunja uso kwa heshima.
La tatu,
mabega yakashuka.
Miaka kumi na mbili, sikuwa najua
kwamba alikuwa ameyapandisha.

Bombo walishatuambia: kilichokwenda hakirudi.
Mama akaguna, sikio la kufa halisikii dawa.
Mama, hili halijafa. Limebaki nusu,
na nusu ndiyo ninayoishonea.

Jana usiku nilisema "chumvi."
Akanipa kikombe.
Nikanywa maji, nikashukuru.

Jumatatu anaanza kazi kijana, Mbelwa, miaka kumi na tisa,
shati la mpira, kichwa kidogo.
Nilimkalisha kwenye kigoda, nikampima toka utosini,
kisha nikasimama nyuma yake, mbali, karibu na cherehani,
nikanong'ona, "chumvi."

Akageuka.

Nikamfungia tundu la pili.