Hakuna Kitakachobadilika

Barua imeingia kwenye simu alfajiri,
Tartu bado giza, theluji imeziba dirisha la jikoni hadi nusu.
"Mpendwa Helju," inaanza, kana kwamba tumewahi kula sahani moja.
Kampuni inayonitunzia nywila imenunuliwa.
Mnunuzi yuko mbali, jina lake ni herufi tatu,
na amefurahi. Barua nzima imefurahi.
Chini kabisa, juu ya sahihi:
hakuna kitakachobadilika.

Nina nywila mia mbili na kumi na nne.
Benki, umeme, daktari wa macho,
tiketi za basi la kwenda Võru kwa dada yangu,
na ile ya sataranji aliyoiacha marehemu Kalju;
sijaifuta, huko bado wanamsubiri acheze zamu yake.
Zote zimelala chini ya sentensi moja,
maneno sita, moja nimelikosea tahajia makusudi.
Sijawahi kuitamka. Hata usingizini
nadhani naibana kwa meno.

Taavi, mwana wa dada yangu, ananituliza kwa simu:
"Mama mkubwa, hata wao hawawezi kuzisoma.
Wamenunua sefu, hawakununua ufunguo."
Mwanangu, mimi nimekuwa fundi vitasa miaka thelathini na mmoja.
Sefu haivunjwi usiku kwa nyundo.
Sefu huvunjwa mchana, siku fundi mpya
anapokuja kuifanyia matengenezo
na wewe mwenyewe unamchemshia kahawa.

Kimya. Nasikia anatafuna kitu.

Sikumwambia habari ya droo.

Duka la baba, mtaa wa Kastani,
niliuza mwaka ule goti liliponikataa.
Raivo alichukua mashine mbili za kuchonga,
kengele ya mlangoni, deni la pango,
na droo ya bati, ya kijivu.
Ndani yake kadi elfu moja na mia tatu:
jina, mtaa, ghorofa,
na tarakimu tano, kina cha kila jino la ufunguo,
kwa mwandiko wa baba, kisha kwa wangu.
Mtu akipoteza ufunguo hakuwa na haja ya kuleta pacha wake.
Tarakimu zilitosha.
Zinamtosha yeyote.

Ningeweza kuzichoma. Zilikuwa ndani ya bei.

Nikawaandikia wateja, stempu nikalamba mwenyewe
mpaka ulimi ukawa gundi:
Raivo ni mtu mwema (na kweli ni mwema),
hakuna kitakachobadilika.

Alikuja mmoja tu. Bi Salme Kõiv,
aliyetufundisha jiografia, kofia imejaa theluji,
akaomba kadi yake.
Nilicheka kidogo. Nikampa.
Akaikunja mara nne, akaisukuma ndani ya glavu.
"Si kwamba simwamini," alisema. "Simjui tu.
Wewe nilikujua hujaota meno ya mbele."

Ahadi ni deni, ndiyo.
Lakini madeni huuzwa.
Unalala unamdai jirani,
unaamka unamdai mtu asiyejua mlango wako uko upande gani,
ila tarakimu zake anazo.

Na Raivo naye aliuza, mwezi wa pili,
kwa kampuni moja ya Riga.
Nilimuuliza droo iko wapi.
Alikuna shingo. Alisema ilikuwa kwenye orodha.

Basi nimekaa, kalamu mkononi, nianze na benki,
halafu umeme, halafu daktari wa macho,
moja moja, kama mtu anayehamisha mayai.
Macho yakaenda mlangoni, kwenye kitasa changu cha shaba,
kitasa cha kwanza baba alichoniruhusu kukifunga peke yangu,
nikiwa na miaka kumi na minne.
Aliniandikia kadi yake siku hiyo hiyo, kwa fahari.
Namba moja, mbele ya zote.

Nywila zingoje.
Natafuta bisibisi.