Waya wa Risiti

Nyuma ya mlango wetu, Kadutu, kuna waya
uliokuwa spoki ya baiskeli.
Mama aliukunja kama ndoana
akawa anachoma humo kila karatasi aliyoilipia:
jetoni ya soko, ya bluu, franga mia mbili kila asubuhi
kabla beseni la sambaza halijagusa meza;
ya usafi, rangi ya waridi,
ingawa taka tunazibeba wenyewe kichwani;
bili ya umeme ya mwezi ule
taa zilipowaka Jumapili moja,
na Alhamisi saa nane za usiku,
tukaamka nyumba nzima kupiga pasi.

"Usitupe," alisema.
"Siku wakija kusema sijalipa,
mdomo wangu hautatosha."

Mwaka huu nimemaliza masomo ya hesabu.
Nikaushusha waya, nikakaa chini,
risiti za chini kabisa zimeshikwa na kutu,
zinanuka samaki.
Siku mbili nilijumlisha. Miaka tisa.
Nikamwambia: Mama, ni mabati ishirini na manne,
au minervali ya Ciza mpaka amalize.

Hakuacha kuchambua mchele.
"Ngapi naijua, Nsimire. Niliitoa mimi.
Nakuuliza iko wapi."

Basi nikachukua jetoni moja, ya bluu, ya Jumanne,
nikaifuata kama mtu anayefuata mbuzi wake.
Komini, dirisha la tatu, wakasema: hapa inalala tu,
asubuhi inapanda mjini.
Mjini wakasema: nusu inakwenda jimboni.
Na nusu nyingine?
Yule bwana akatazama saa yake. Haikuwa inatembea.
Jimboni wakasema: inakwenda Kinshasa, halafu inarudi.
Inarudi lini?
"Ikirudi, mtaisikia."

Nilishuka kwa miguu hadi Nyawera, nikapanda tena,
mvua ikanikuta kwenye ngazi za udongo
zile ambazo kila msimu zinaondoka na mtu.
Hapo ndipo Mama Cibalonza alivunjika nyonga.
Hapo ndipo sisi, nyumba kumi na tisa,
tulichanga mwezi wa tatu:
saruji mifuko sita,
mchanga safari nne, mgongoni mwa vijana,
Mugisho fundi siku mbili, na chakula chake, maharagwe,
zikabaki franga elfu moja na mia tano
tukanunua sabuni ya kunawa.
Mimi ndiye niliyeandika. Karatasi ilibandikwa bombani
ikasomwa hadi herufi zikafutika,
hata watu wasiojua kusoma walisomewa,
na bibi mmoja aliuliza habari za mia tano
kwa muda wa wiki nzima.
Aliuliza vizuri. Tulimjibu.

Kesho yake Zihindula akaja mezani kwa Mama
na mfuko wake wa ngozi, na kitabu cha jetoni.
Kola yake imegeuzwa mara mbili na mshonaji,
naijua, maana mshonaji ni jirani yetu.
Mama akashika mia mbili, hakuziachia.
"Kaka, zinakwenda wapi?"

Alicheka kwanza. Halafu akaacha.
Akasema anazipeleka hadi mlango wa kijani,
mkono unatoka, unachukua mfuko,
mlango unafungwa.
Miezi mitano mkono ule haujamtolea kitu.
"Mimi pia, Mama, naishia mlangoni."

Soko lilikuwa linajaa. Nzi walikuwa wanashuka kwenye sambaza.
Mama akampa pesa zake, mia mbili kamili,
akamfungia na samaki kidogo katika jani.
"Sasa niandikie hilo nyuma ya jetoni."
"Lipi?"
"Hilo la mlango."

Alisimama na kalamu yangu muda mrefu,
watu nyuma yake wanalalamika.
Akaandika. Akatazama kushoto, kulia,
akagonga muhuri juu ya maneno yake mwenyewe.

Iko kwenye waya.
Ukichungulia, ni ile iliyogeuzwa uso.