Bila Kibali

Bwana Mdoe wa Mambo ya Kale
amekuja na futi kamba na fomu ya kurasa nne.
Amepima unene wa ukuta, sentimita sitini.
Amehesabu boriti za mkoko, kumi na saba.
Moja imeliwa na mchwa,
ameiandika nayo.

Hapa Pangani, nyuma ya forodha,
mto uko hatua mia moja
lakini chumvi yake imeshahamia kwetu.
Inapanda ukutani bila hodi,
mwaka huu imefika msumari wa kalenda.

"Saruji marufuku," anasema.
"Saruji inaziba. Matumbawe yanataka kupumua."
Mama, mwenye pumu tangu masika ya juzi,
akamtazama tu.

Chokaa, basi. Ya kuchomwa, ya kulowekwa.
Fundi wa chokaa alikuwa mmoja,
Kombo Shekigenda, tumemzika Mfunguo Tano.
Hakuacha mwanafunzi, aliacha mwiko.
Na sasa kila kitu humu ni mwiko:
dirisha mwiko, bati jipya mwiko,
hata kupigilia kamba ya kuanikia.

Ukurasa wa pili: *Jina la mmiliki.* Mstari mmoja.
Sisi warithi kumi na mmoja,
wawili hawasalimiani.
Mama akaandika jina la bibi,
marehemu hagombani na mtu.

Ukurasa wa tatu: *Mlango. Nakshi. Hali yake.*
Mjomba Athumani aliuuza mwaka ule wa njaa,
ukaondoka juu ya lori umefungwa mikeka
kama mgonjwa anayepelekwa Bombo.
Bwana Mdoe akagusa plaiwudi kwa kalamu,
akaandika: *Haupo.*
"Upo," mama akasema. "Andika upo. Upo hotelini."

Hakuuliza sufuria saba za chini ya dari.
Mama anaitwa Mwanamvua, jina limemganda:
usiku hulala akizisikiliza,
anajua kwa mlio ipi imejaa.

Amemaliza. Amefunga faili.
Akiinama kuvaa viatu
akajishikiza ukutani, kiganja kizima,
akaondoka nacho cheupe pe.

Nimemfuata kwa macho hadi kivukoni.
Amepanda pantoni ya kwenda Bweni,
mkono ule ameshika chuma cha ukingo,
hajaufuta bado,
na kipande cha nyumba yetu
kinavuka mto
bila kibali.