Tumehamisha Kitanda

Nyumba hii ilikuwa nafuu, na dalali hakuficha sababu:
alifungua pazia la jikoni, akakohoa kidogo, akasema, "Na ile pale."
Ile pale imesimama kwa miguu minne kwenye kinamasi cha Tilbury,
mikono sita, kila mkono umeshika waya,
kama mwanamke aliyebaki na kamba baada ya nguo kuibwa.
Farasi wa watu hula majani chini yake. Niliwatazama farasi.
Farasi walikuwa wanene. Nikatia saini.

Siku za ukungu hulia.
Si ngurumo, si nyuki;
ni dagaa wanaotiwa kwenye mafuta ya moto,
mbali, jikoni kwa mtu mwingine.
Salha huzima redio ili akisikie vizuri anachokiogopa.

Bi Maureen wa namba kumi na tisa ana daftari.
Ameandika mtaa mzima: kichwa cha huyu, usingizi wa yule,
mimba ya mke wa mwashi,
damu ya Keiran, mjukuu wake, aliyeugua akiwa na miaka minne
akapona akiwa na saba, nywele zikarudi na rangi nyingine.
Nikamuuliza: na wale wa mtaa wa pili, wasio na nguzo,
nao umewaandika?
Alilifunga daftari. Akanimiminia chai. Hakutia sukari.

Niliazima kipimo kwa Prentice, fundi wa zamu ya usiku bandarini,
nikazunguka nacho nyumba nzima kama mtu anayefukiza ubani.
Dirishani, kidogo. Mlangoni, kidogo zaidi.
Kwenye mashine ya Salha ya kukaushia nywele sindano iliruka kama panzi.
Friji iliishinda nguzo.
Nikacheka peke yangu, hadi nikafika kitandani kwa Zawena.
Sindano ilitikisika, ikatulia.
Kidogo tu.
Kidogo ni neno gani kwa baba?

Nikasoma. Wataalamu ni waungwana, hawaapi.
Wanasema huenda. Wanasema uhusiano dhaifu, sababu haijaonekana,
watoto wenyewe ni wachache mno.
Wachache mno: niliurudia mstari huo hadi chai ikapoa,
nikiwaza uchache wa mtoto mmoja.

Kwetu, nyuma ya Korogwe, waya kama hizi zilipita juu ya paa
zikitoka kwenye maporomoko ya Hale, zikienda mjini,
nasi chini yake tukiwasha koroboi.
Mama alipuliza pasi ya mkaa, akainua macho, akasema,
"Umeme una maringo. Unapita bila hodi."
Hakuna aliyeuliza kama unadhuru. Tuliuliza utashuka lini.
Moshi wa koroboi uliingia kifuani mwa dada yangu kila usiku,
na hakuna aliyeufungulia daftari.

Jana usiku nilitoka na taa ya mrija, ile ya zamani ya stoo.
Nikasimama katikati ya farasi, nikaiinua.
Iliwaka mkononi mwangu,
hafifu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, bila swichi, bila waya.
Farasi mmoja aligeuza kichwa, akaendelea kula.
Basi kitu kipo. Kuwepo si kudhuru, najua.
Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza;
hawakusema neno juu ya lile unalolijua nusu,
linalokuwakia nusu, kiganjani.

Nilirudi ndani na tope viatuni. Salha alikuwa macho.
Hatukujadiliana. Yeye alishika upande wa miguu, mimi wa kichwa,
tukamvusha Zawena pamoja na usingizi wake
hadi ukuta wa mbele: mita nne,
labda nne na nusu.

Asubuhi aliuliza kwa nini jua limehama.