Sikio la Kuazima

Lori linalia, Nurgazi akasema, na si breki.
Linalia kama mbu aliyeingia shavuni mwa mtu
akakosa mlango wa kutokea.
Ameshuka nalo kutoka Kara-Keche, tani tano za makaa ya mawe,
theluji ya Oktoba juu ya boneti,
na njia nzima, anasema, alizima redio
asikilize gharama.

Baba hakusikia kitu.
Miaka arobaini ya nyundo imemlia sauti zote nyembamba:
ndege, birika, simu, mimi nilipokuwa mdogo.
Akanigusa bega. "Aichurek, niazime sikio."

Nikapanda. Gia ya kwanza, linalia.
Ya pili, linalia, juu kidogo.
Ya tatu, ya nne, linapanda nami ngazi
kama mtu anayeogopa kuachwa.
Ya tano, kimya.
Nikalirudisha uani, gia huru, injini ikicheza.
Nikaachia klachi: linalia.
Nikakanyaga: sauti ikafa taratibu,
kama mtoto aliyepewa ziwa.
Nikaachia tena. Nikakanyaga tena.
Nurgazi aliitazama buti yangu kama daftari la deni.

Si difu, nikamwambia Baba kwa vidole,
difu ingelia hata kwenye ya tano.
Si beringi ya klachi; ile hulia ukikanyaga, hii hunyamaza.
Ni shafti ya chini,
ile inayozunguka gizani siku zote
na kubebeshwa mzigo wa kila gia isipokuwa ya tano,
pale nguvu inapopita moja kwa moja juu yake
kama mgeni asiyesalimia.

Baba akaegemeza bisibisi kwenye giaboksi,
mpini akauuma kwa meno.
Mfupa husikia kilichokataliwa na sikio.
Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tumwage oili."

Ilitoka nzito kama maksim ya juzi, yenye makapi.
Nikaichota kwa kiganja. Chuma kilimeta, ndiyo,
sumaku ya nati ilikuwa imeota manyoya.
Lakini katikati ya chuma kulikuwa na mti.
Unga wa mbao, laini, wa kahawia.
Nikaunusa: mjozi.
Mtaani kwetu achongaye mjozi ni mmoja,
amu yangu Kubat,
na ukuta wake ndio ukuta wetu.

"Nililinunua Mei," Nurgazi akasema,
"kwa jamaa mmoja wa At-Bashi.
Siku ile lilikuwa kimya kama zulia."

Ni dawa ya zamani. Konzi mbili za unga ndani ya oili,
giaboksi hufunga mdomo msimu mzima.
Kisha unga hulainika, beringi hukumbuka.

Mei mimi nilikuwa Bishkek, kwenye mtihani.
Sikuuliza. Nilishika ndoo.

Baba alinawa mikono mara mbili.
"Beringi mbili, oili, gasketi," akasema.
"Kazi ni bure."
"Bure kwa nini?"
"Mtoto anajifunza."

Nina miaka ishirini na sita.

Tulilala chini ya lori usiku mbili,
taa moja, yeye miguu upande huu, mimi upande ule,
hatukusemezana ila namba za spana.
Beringi ya zamani niliizungusha kidoleni;
ilikwaruza kama jino juu ya mchanga.
Aliichukua, akaitia mfukoni mwa koti.
Vipuri vibovu huwa tunavitupa pipani.

Asubuhi ya tatu lori likaondoka,
ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila neno.
Baba alisimama langoni, kichwa amekiinamisha upande,
mkono mfukoni.
"Bado linalia?"
Lilikuwa limeshavuka daraja.
"Hapana," nikasema.

Jioni, juu ya supu, akauliza tena.