Kalenda ya Mwaka Uliokwisha

Tarehe nimezikata kwa mkasi, nikabakiza picha:
stesheni ya ugenini, moshi wa buluu,
garimoshi linaingia kama mgeni mwenye haya.

Ukiisogelea, hakuna kitu. Madoa tu,
kazi ya fundi aliyepaka huku akiitwa chakula.
Rudi nyuma hatua tatu,
mpaka mgongo uguse kabati la vyombo:
behewa linajiunga,
abiria wanaota miguu.

Baba, Mihambo wa bendera,
miaka thelathini na mmoja relini hapa Tabora,
ana mtoto wa jicho; anangoja zamu yake Kitete.
Nikamwonyesha, nikidhani namsimulia kipofu.
Akacheka hadi akakohoa.
"Huyu mchoraji kaazima macho yangu!
Ya Mwanza ikiingia, naiona hivi hivi."

Wapo wanaopanda ndege, wakalipa kiingilio,
wasimame kimya mbele ya picha kama hii.
Makumbusho yetu ni ukuta mmoja, Ng'ambo,
na msumari uliopinda.

Jumanne watamsafisha jicho.
Ameomba jambo moja:
Jumatatu alfajiri nimfikishe stesheni,
aiage ile rangi.